Sekunde zinapotelea wapi

Nikitaja tu kwamba Jumamosi nitakuwa Kirigiti, uwanja wa kulenga shabaha kule Kiambu, swali huwa lile lile: "Unatumia bastola gani?" Wanaume ndio huliuliza zaidi, na wengi huwa na jibu lao tayari, Glock au Ceska, wanangoja tu kuona nitaegemea upande gani. Nitaitaja bastola yangu, msijali, ila si sasa. Anayeanza na bastola humaliza pesa kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni hesabu.

Kwa walio wageni hapa: mimi ni muuza vifaa vya ujenzi, mzaliwa wa Mombasa, niliyeletwa Nairobi na ndoa nikabakishwa na biashara. Leseni ya silaha niliiomba kwa ajili ya biashara hiyo. Mchezo ulikuja baadaye, nilipotambua kwamba cheti kinakuruhusu kubeba bastola lakini hakikufundishi kuitumia.

Mchezo wetu ni wa IDPA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996. Wazo lake ni kushindana kwa bastola ya kawaida inayobebwa ikiwa imefichwa ndani ya nguo. Kila steji, yaani kila zoezi la mashindano, ina kisa chake: uko dukani, uko kwenye gari, umeshika mfuko wa sokoni mkono mmoja. Shabaha ni kadibodi ya rangi ya kahawia yenye duara la sentimita 20 hivi kifuani na duara dogo la sentimita 10 kichwani. Risasi ikiingia ndani ya duara hukatwi kitu. Ukitoka nje kidogo unakatwa pointi moja, ukitoka zaidi unakatwa tatu, ukiikosa kadibodi kabisa unakatwa tano. Kila pointi inageuzwa kuwa sekunde moja na kuongezwa kwenye muda wako. Ukimpiga raia, yaani ile shabaha iliyochorwa viganja vitupu, unaongezewa sekunde tano. Ukikiuka utaratibu, kwa mfano kufyatua ukiwa nje ya kinga (ukuta au kitu cha kujificha nyuma yake) wakati kinga ipo, ni sekunde tatu. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Kanuni ya sekunde moja kwa kila pointi ilianza mwaka 2017. Kabla ya hapo pointi ilikuwa nusu sekunde. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini yaligeuza mchezo mzima. Tuchukue steji ya risasi 18, ambazo ndizo nyingi zaidi zinazoruhusiwa, na shabaha tisa, kila moja risasi mbili. Tuseme kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye shabaha moja unatumia sekunde 0.30. Mara tisa, hiyo ni sekunde 2.7. Sasa jitahidi, kaza mkono, fyatua mpaka kidole kiume, ushuke hadi 0.20. Umeokoa sekunde 0.9 katika steji nzima. Risasi moja tu ikitoka nje ya duara, umerudisha yote na ziada.

Kama steji hiyo imekuchukua sekunde 20, basi zaidi ya 17 zimetumika kwa mambo mengine: kutoa bastola, kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine, kukimbia kutoka ukuta huu hadi ule, kubadilisha magazini (kibweta kinachobeba risasi), kuchungulia kona. Huko ndiko sekunde zinakopotelea, na hakuna duka la silaha linalokuuzia dawa yake.

Wenzetu wa IPSC hupiga hesabu nyingine. Chama hicho ni kikongwe zaidi, kilianzia mjini Columbia, jimbo la Missouri, mwaka 1976, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kwao unakusanya alama, kisha unazigawa kwa muda. Kwa bastola ya 9 mm, eneo la A, la katikati ya shabaha, ni alama tano, C tatu, D moja. Ukipata alama 80 kwa sekunde 16, kiwango chako ni 5. Hapo kupiga C badala ya A kunakugharimu alama mbili, yaani sekunde 0.4. Kwenye steji ya mbio, ambayo kiwango chake ni 10, C hiyo hiyo inagharimu sekunde 0.2 tu. Ndiyo maana mtu wa IPSC akija kwetu hutuacha mbali kwa miguu, kisha karatasi ya matokeo humrudisha tulipo. Sisemi mchezo upi ni bora. Nasema ujue ni hesabu gani unayoichezea kabla hujaamua ufanye mazoezi ya nini.

Kocha wetu ni askari mstaafu, tunamwita Afande, na yeye huniita Mama Salma kama watu wa nyumbani. Hana maneno mengi. Siku moja baada ya steji alinionyesha taima, ambayo hurekodi sauti ya kila risasi, tukazipitia moja moja.

"Mama Salma, bastola yako haichelewi. Wewe ndiye unayeisubirisha."

"Naisubirisha kwa nini, Afande?"

"Unatafuta tundu."

Karibu kila anayeanza hufanya hivyo. Unafyatua, unainua macho juu ya saiti, kile kilengeo cha bastola, kuangalia risasi imetoboa wapi, unaridhika au unasikitika, ndipo unahamia shabaha inayofuata. Jicho likienda kwenye kadibodi na kurudi kwenye saiti, robo sekunde imekwenda, wakati mwingine nusu. Zidisha kwa shabaha tisa. Anayejua mchezo haangalii tundu, kwa sababu alishajua. Saiti ya mbele ilikuwa wapi hasa pale bastola ilipopiga teke? Kama ilikuwa katikati ya duara, risasi iko katikati ya duara, endelea na safari. Kama ilikuwa imeegemea kushoto, ongeza nyingine hapo hapo bila kungoja ushahidi. Kuipata tabia hii kulinichukua muda mrefu kuliko jambo lolote lingine, na hadi leo nikichoka hunitoroka.

Huwezi kuona saiti ikinyanyuka kama unapepesa jicho kila mlio. Na dawa ya kupepesa si ujasiri, ni mkono. Kwa mtu wa mkono wa kulia, ule wa kulia ushike bastola kama kawaida, lakini wa kushoto ndio ukamue kwa nguvu. Watu hufanya kinyume: mkono wa kulia unakaba mpini kwa nguvu zote, kidole cha kufyatulia kinakakamaa pamoja na vingine, risasi zinakwenda chini kushoto, na mtu anasema saiti imehama. Saiti haijahama, bwana.

Mimi nina kasoro nyingine: natumia mkono wa kulia lakini jicho langu kuu ni la kushoto. Kujipima ni rahisi. Nyosha mikono, acha kitundu kidogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali ndani ya kitundu hicho kwa macho yote mawili, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalokiona kitu bila kukipoteza ndilo kuu. Wapo waliniambia nihamie mkono wa kushoto, wengine nivae miwani yenye kiraka. Nilichofanya ni kugeuza uso kidogo kulia, kidevu kikaelekea bega, bastola ikaja mbele ya jicho la kushoto yenyewe. Yamekwisha.

Sasa mazoezi. Marekani wachezaji wengi hujitengenezea risasi zao nyumbani na kufyatua maelfu kwa maelfu kwa mwaka. Mimi hununua kwa muuzaji mwenye leseni, na cheti changu kinataja idadi ninayoruhusiwa kuwa nayo. Risasi ya 9 mm hapa kwetu si kitu cha kumwaga. Kwa hiyo mazoezi yangu mengi ni makavu, bila risasi, sebuleni baada ya watu kulala.

Utaratibu wake siuchezei. Risasi zinabaki kwenye kasha la chuma chumba kingine, na funguo ninazo mimi. Magazini zote tupu. Naivuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, natazama chemba ambamo risasi hukaa, natia kidole kuhakikisha, narudia. Shabaha naiweka kwenye ukuta wa mawe, upande ambao hakuna chumba cha mtu. Nikimaliza natamka kwa sauti kwamba nimemaliza, na baada ya hapo siigusi tena kwa ajili ya "mara moja ya mwisho". Ajali ya mazoezi ya nyumbani huja kirahisi kwenye hiyo mara ya mwisho, mtu akiwa ameshairudishia risasi zake halafu mkono ukamwasha.

Sebule yangu haina mita kumi, kwa hiyo nilikata shabaha ndogo kwa kadibodi ya maboksi ya vigae kutoka dukani, theluthi ya ukubwa wa kawaida. Shabaha ya theluthi ikiwa mita tatu kutoka kwako, jicho linaiona sawa na ile kubwa ikiwa mita tisa. Duara la kifua linakuwa na upana wa sentimita saba kasoro, kama mdomo wa glasi ya chai. Ukiweza kutoa bastola chini ya kizibao na saiti ikatulia ndani ya mdomo huo bila kutikisika kifyatuo kinapokatika, yaani kinapoachia, Kirigiti utajiona umepewa shabaha kubwa kama ukuta.

Taima ina milio miwili: wa kwanza wa kuanza, wa pili naupanga mimi. Nilianza na sekunde mbili na nusu kutoka mkono kuning'inia hadi kifyatuo kukatika, nikawa napunguza kidogo kidogo. Sasa niko chini ya mbili siku nikiwa na akili zangu. Kizibao ndicho kinachokula muda. Mkono ukisafisha nguo nusunusu, pindo linarudi na kuingia kati ya kiganja na mpini. Kwa hiyo navuta nguo nyuma kwa kishindo, zaidi kuliko inavyohitajika, kisha mkono unashuka juu ya mpini moja kwa moja. Mkono wa kushoto wakati huo uko kifuani ukingoja, haupungi hewani.

Baada ya hapo nabadilisha magazini, nikitazama tundu la mpini ambamo magazini inaingia, siyo shabaha. Kisha nahamisha macho: jicho linatangulia kwenye duara la shabaha ya pili, bastola inalifuata. Dakika kumi na tano zinatosha. Zikizidi naanza kufanya ovyo, na kurudia jambo ovyo ni kujifunza uovyo.

Kujipima, uwanjani tuna zoezi linaloitwa 5x5, ambalo IDPA hulitumia kuwapanga wachezaji madaraja. Risasi 25 tu, kutoka yadi kumi, yaani mita tisa na kitu. Kwanza unatoa bastola na kupiga tano. Pili tano kwa mkono mmoja, ule wenye nguvu. Tatu tano, unabadilisha magazini, tano tena. Mwisho nne kifuani na moja kichwani. Nalipenda kwa sababu halifichi kitu na halinifilisi. Mfululizo wa pili, wa mkono mmoja, ndio huaibisha watu wazima.

Haya, vifaa. Bastola yangu ni Glock 19. Sababu si kwamba ni bora kuliko Ceska, ni vidole vyangu. Mkono wangu ni mdogo, na kama kidole hakifiki kwenye kifyatuo bila kuuzungusha mpini kiganjani, umeshashindwa kabla ya mlio. Glock za kizazi cha nne na cha tano huja na vipande vya kuongeza mgongoni mwa mpini. Mimi natumia bila kipande chochote. Ceska 75, ile waliyoizoea wengi hapa nchini, ina mpini mzuri ajabu na uzito unaomeza teke. Lakini ukiifyatua nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, halafu wa pili mwepesi, na kwangu kidole hakikufika vizuri kwenye ule wa kwanza. Slaidi yake pia imekaa ndani ya fremu, kwa hiyo sehemu ya kushika unapoivuta ni nyembamba. Dada mmoja tunayecheza naye ana vidole virefu, anaitumia Ceska, na ananishinda mara kwa mara. Nendeni mkashike kabla ya kununua. Na kabla ya kulipia, someni kanuni za daraja la vifaa mnalotaka kuingia (hili si lile la ustadi): zipo zinazohusu uzito, ukubwa, aina ya saiti na idadi ya risasi kwenye magazini. Kuna bastola nzuri za mashindano ambazo hazifai kabisa kwa daraja walilokusudia wenyewe.

Kuhusu risasi, swali ni moja: inafikia kipimo cha nguvu? Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, unazidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa elfu. Madaraja mengi ya 9 mm hudai 125. Kichwa cha greini 124 kinachokwenda futi 1,050 kinatoa 130, kinapita. Risasi nyingi za kiwandani hupita bila shida, kwa hiyo usinunue zenye nguvu kupita kiasi ukidhani zitakusaidia. Zitakuongezea teke tu.

Pesa ambayo sikuijutia ni ya mkanda na holsta, yaani ala ya bastola. Mkanda wa suruali wa kawaida hujikunja. Unavuta bastola, holsta nayo inapanda juu pamoja nayo. Unahitaji mkanda mgumu, na holsta ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hasa. Kwetu wanawake kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Nyonga zetu husukuma mpini uchomwe ubavuni, na kiuno kikiwa juu unalazimika kuinua kiwiko mpaka karibu na sikio ndipo bastola itoke. Kanuni za IDPA zinawaruhusu wanawake kutumia holsta iliyoshushwa na kusogezwa mbali na mwili. Aliyeniuzia ya kwanza hakunitajia. Nilipobadilisha, mkono ulishuka badala ya kupanda, bila zoezi hata moja la ziada.

Magazini ziandikeni namba kwa rangi. Moja ikianza kukwama utajua ni ipi, badala ya kuituhumu bastola. Udongo mwekundu wa Kiambu ukinyeshewa huingia kila mahali, na magazini ikidondoka kwenye tope usiirudishe mkandani hivyo hivyo. Ifungue, ipige brashi, ikauke. Nje usipake mafuta, yanakusanya vumbi.

Saiti ya doti nimeanza kuitumia karibuni, na hapa umri una sauti. Saiti ya mbele ilishaanza kuwa na ukungu machoni pangu, na doti hainitaki nitazame karibu: macho yanabaki kwenye shabaha, nukta nyekundu inaelea juu yake. Ila doti haimsamehe mtu anayetoa bastola ovyo. Ukiinua pua juu kidogo, kioo ni kitupu, na unaanza kuitafuta nukta huku na huku taima ikihesabu. Wanaoinunua wakitaraji kasi hushangaa wamepungua mwendo. Asubuhi za mwezi wa Julai kule Kiambu, zenye baridi na manyunyu, kioo hushika ukungu pia. Nina kitambaa na dawa ya kuzuia ukungu mfukoni, na bado nadhani mwenye macho mazuri wa miaka ishirini na tano hana haja ya kuharakisha. Ajifunze kwanza saiti za chuma zilizokuja na bastola.

Siku ya mashindano silengi kushinda steji. Kabla ya zamu yangu naitembea kwa macho, nahesabu shabaha na nafasi za kusimama, naamua magazini nitaibadilisha wapi, kwa kawaida nikiwa natembea kutoka kinga moja hadi nyingine ili miguu na mikono vifanye kazi pamoja. Magazini yenye risasi hairuhusiwi kuachwa chini, kwa hiyo naipanga isije ikanilazimu kuitia mfukoni kwa pupa. Raia wako wapi? Kona ipi inaonyesha shabaha ipi kwanza? Nikishafumba macho nikaiona yote, naacha kuifikiria. Afisa wa usalama akishasema "tayari", kilichobaki ni mlio.

Usalama sitaurefusha, lakini ndio unaomtoa mtu mashindanoni bila mjadala: mdomo wa bastola usigeuke nyuma, kidole kisiwe kwenye kifyatuo unapotembea au unapobadilisha magazini, na usiiguse silaha mpaka uamriwe. Nimeona bingwa akitolewa steji ya kwanza, akafungasha, akaenda kunywa chai.

Kina dada mnaoniandikia mkiuliza pa kuanzia: njooni mtazame kwanza, hata kabla ya leseni. Mtapewa kazi ya kubandika stika kwenye matundu, na hapo mtajifunza mengi kwa kuona nani anapoteza sekunde wapi. Ukienda uwanja wowote, waulize mapema kama wana miwani na vizuia sauti vya masikioni vya kuazima, na kama una vyako vije. Vaa viatu visivyoteleza, kofia yenye ukingo, na blauzi iliyofungwa mpaka shingoni. Ganda likiruka kutoka kwenye bastola ya jirani lina moto, na halichagui kola ya nani linaingia.